Enda Nikuone Mgongo

Nilimsikia kabla sijamwona. Pa! Pa-pa! Ilikuwa sauti ya soli mbili zikigonganishwa upande wa pili wa ukuta wa mabati, asubuhi na mapema, kabla wanawake wa samaki hawajaanza kuitana barabarani. Wiki yangu ya kwanza katika ploti ile ya Otonglo niliamini kwamba jirani yangu anampiga mtu kila siku, na kwamba mtu huyo amekwisha kuzoea, halii tena. Baada ya pa-pa ilifuata sauti nyingine, kavu na ya haraka, ka-ka-ka-ka, kama mtu anayevunja mifupa ya kuku.

Siku nilipotoka na ndoo kwenda bombani nikamkuta mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, gunia wazi mbele yake, kiatu kila mkono, akivigonganisha vumbi litoke. Mapajani alikuwa amepakata buti jeupe la plastiki ngumu, kubwa kuliko kichwa cha mtu, lenye vifungo vya chuma vilivyojipanga mbele kama vya koti. Aliweka viatu chini, akafunga vile vifungo, ka-ka-ka-ka, kisha akainua macho. Aliangalia miguu yangu kwanza. Uso ulifuata baadaye.

"Nyara," alisema, yaani binti yangu, ingawa hatukuwa tumesalimiana, "hiyo sendo inakuuma kidole ya mwisho. Unavumilia nini?"

Ilikuwa kweli. Niliivua nikaenda bombani peku.

Watu wote walimwita Mama Viatu. Jina lake la ubatizo nililisikia kwenye mazishi yake, na lilipotajwa tuliokuwa tumetoka Otonglo tuligeuka tukatazamana, kama kwamba tumekosea boma. Mwanawe wa pekee, Ouma, hakuwapo siku hiyo. Alikuwa ng'ambo, kwenye mji wa milima yenye theluji, na karatasi zake za kazi hazikumruhusu kutoka. Alifuatilia kwa simu ambayo mtu alikuwa ameishika juu ya vichwa vyetu, na picha ilikuwa ikikwama kila upepo ulipovuma.

Nataka kueleza kibanda chake kwanza, kwa sababu yeye mwenyewe angeanza nacho. Kilikuwa kando ya barabara ya Busia, mbao nne na turubai, na juu ya meza viatu vya mguu wa kushoto peke yake. Ndivyo wauza viatu wa kwetu wanavyofanya. Mwizi akipita na mguu wa kushoto atafanya nini nao? Wa kulia uko nyumbani. Miguu ya kulia ya Mama Viatu ilikaa kwenye magunia chini ya kitanda chake, na mteja alipopenda kiatu alilazimika kusubiri. Mama alikuwa akinyanyua sauti juu ya malori yote: "Nyara! Niletee bwana ya ile nyeusi yenye pua!" Nami nilikuwa nikiinama chini ya kitanda na tochi ya simu, nikitafuta bwana.

Viatu ambavyo vilifika kwenye gunia bila mwenzake aliviita wajane. Hakuvitupa. Alisema huenda gunia lingine likaja naye. Yeye mwenyewe alikuwa mjane tangu Ouma akiwa mdogo, na nilipomtania kwamba labda na lake gunia liko njiani, alicheka hadi akashika ubao. "Huyo akuje na miguu safi," alisema. "Mengine nitarekebisha."

Alipofariki, ndugu walikuja na gari kuchukua vitu vyake. Walibeba magunia ya chini ya kitanda wakijua ndiyo mali yote. Hakuna aliyekumbuka kibanda. Kwa hiyo miguu ya kulia ilikwenda nyumbani kwao kijijini, na ya kushoto ikabaki Otonglo, na mpaka leo ninapoandika haijakutana. Buti jeupe la kushoto ninalo mimi. Liko karibu na mlango wangu, nimeweka mwavuli ndani.

Alikuwa na ulimi mbaya na mikono mizuri. Sijui namna nyingine ya kusema. Mteja alipoketi kwenye benchi, Mama Viatu alipiga magoti mbele yake, akashika kisigino kwa kiganja kama mtu anayepokea yai, na wakati huohuo akamtukana. Mama mmoja muuza omena kutoka Dunga alikuja akitaka gambuti, nyayo zimepasuka kwa kusimama majini. Mama Viatu alimwagia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akamwosha, akamfuta katikati ya kila kidole. "Min samaki," alimwambia, yaani mama samaki, "hii miguu unaichukia kwa nini? Ilikukosea nini?" Yule mama alianza kucheka, kisha nikaona anafuta macho kwa kanga.

Kanisani alikaa nyuma na hakupiga magoti wakati wa maombi. Wazee walimwita wakamuuliza. "Mungu ameniona nimepiga magoti tangu Jumatatu," aliwajibu. "Jumapili napumzika."

Kiatu kilipoingia, mteja alisimama. Mama Viatu aliweka kidole gumba kwenye ncha ya kiatu, akabonyeza akitafuta kidole cha mguu kilipo. Halafu ndipo alipotamka yale maneno ambayo soko zima lilimwiga nayo: "Haya, enda nikuone mgongo."

Mteja alitembea hadi kwenye mti wa stima na kurudi. Mama alibaki amepiga magoti, akimtazama mgongoni. Aliniambia uso ni kitu cha kuuzia, kila mtu anaweza kuupanga, lakini mgongo haujafundishwa. Mabega yakipanda, kiatu kinabana. Kiuno kikijivuta upande mmoja, kinapwaya. Na asiporidhika alisema neno moja tu: "Vua."

Hakujali wewe ni nani. Kijana mmoja alikuja na wasimamizi wake wa harusi, amependa kiatu chekundu chembamba kama kisu. Alikwenda kwenye mti wa stima akarudi anatabasamu.

"Vua."

"Mathe, kimenitosha. Nimekipenda."

"Unaenda kuoa ama unaenda kulia? Bibi ataona machozi atafikiri ni yake. Vua."

Rafiki zake walimshangilia. Aliondoka na kiatu kingine, kipana, amenuna, na baada ya harusi alirudi na kipande cha keki kwenye tishu.

Na huyu mtu, aliyekuwa mkali hivyo kwa miguu ya watu, mwenyewe alivaa ndara za mpira zilizokatwa mbele, mvua na jua. Alizifunika kwa leso aliyoishusha hadi chini. Katika miaka yote niliyoishi naye ukuta kwa ukuta, sikuona amejaribu kiatu. Nilimuuliza mara moja. Alisema, "Mimi siendi mahali."

Mabuti meupe yalifika siku ya mvua, kabla sijahamia pale, yote mawili, yamefungwa pamoja na kamba. Hakuna aliyejua ni ya nini. Bodaboda mmoja wa Mamboleo alisema ni ya ajali: ukianguka na pikipiki mguu haupati kitu. Aliyavaa, akapanda, na hakuweza kukanyaga gia. Akashuka akitembea kama bata, magoti yamekunjika, soko zima limesimama.

"Omera, umetua mwezini?" mtu alimwita.

"Kuna network huko?" mwingine akauliza.

Kisha akaja mzee mwenye mkongojo aliyevunjika mguu. Alilitazama sana, akanong'ona kwamba hii ndiyo plasta ya kisasa, mtu anaingiza mguu, anafunga vyuma, mfupa unashika wenyewe. Mama Viatu alimwinua kwenye benchi kwa heshima zote. "Baba, rudi kwa daktari. Mimi nauza viatu, siuzi mifupa."

Kwa hiyo lilibaki. Kila asubuhi alilifungua na kulifunga vifungo visishike kutu, akaliweka mwisho wa meza. Watu wakaanza kupeana ahadi nalo: tukutane kwa buti. Yeye lilimkera. Alikuwa hajapata kiatu asichokielewa. "Hii ilitengenezwa na mtu anachukia watu," alisema. "Lakini mbona ameipamba ndani vizuri hivi?"

Jibu lilitoka kwa Ouma. Alikuwa ameondoka akiwa ametoka tu shuleni, kazi ya kufua shuka katika hoteli ya ng'ambo, na baadaye akapata nyingine. Siku moja alituma picha: amesimama mbele ya ukuta mzima wa mabuti kama lile letu, mamia, yamepangwa kama vitabu. Mama Viatu alipiga yowe, "Yawa!" akakimbiza simu kibanda kwa kibanda. Ni buti za skii. Wageni hukodi, hufunga mbao ndefu chini, huteremka mlimani juu ya theluji. Na mtoto wake ndiye anayewavisha.

Lakini kazi ilikuwa karibu kumtoka. Alipiga simu ya video mchana mmoja tukiwa kibandani, sauti imeshuka. Wageni walikuwa wakirudisha buti kila saa, wanalia zinauma. Akiwapa kubwa zaidi, wanaanguka. Mkuu wake alikuwa amemwonya.

"Inauma wapi?" Mama Viatu aliuliza.

"Kila mahali, Mama."

"Kila mahali si jibu. Kiatu inauma mahali moja, hiyo ingine ni kelele. Ngoja." Akanigeukia. "Nyara, keti."

Nilijua kinachokuja lakini nilikuwa nimechelewa. Alinifungua vifungo vya lile buti, akasukuma mguu wangu ndani, akanigongesha kisigino chini, ka-ka-ka-ka, nikawa mfungwa. Umati ulikuwa umekwisha kukusanyika.

"Simama. Vidole?"

"Vinagusa mbele. Vinabanwa, Mama."

"Nyamaza kwanza. Kunja goti kama unataka kukaa, halafu usikae. Vidole?"

Nilikunja. Kitu kilihama ndani ya buti, mguu wote ukajivuta nyuma ukatulia kama mtu aliyepata usingizi. "Vimerudi nyuma," nilisema. "Haviumi."

"Kisigino?"

"Kimekaa."

Alitazama goti langu kwa muda mrefu. Nilimwona akielewa. Uso wake ulilegea, ukawa wa msichana. Kisha akaichukua simu.

"Ouma, skiza. Hii kiatu si ya kutembea. Ni ya kuteremka. Mtu akisimama wima inamdanganya, anaona ni ndogo, anakuomba kubwa. Usimpe. Mwambie akunje goti. Vidole vikirudi nyuma na kisigino ikibaki chini, hiyo ni yake. Akikwambia vidole vinagusa mbele kidogo, usiogope. Na umwangalie soksi. Juu ya baridi mtu anavaa mbili, halafu analaumu kiatu. Moja tu, nyepesi. Suruali isiingie ndani."

"Mama, umejuaje na hujawahi ona theluji?"

"Mguu ni ya huyu msichana. Nimemuuliza."

Ouma alicheka, na mama yake akaisogeza simu karibu na uso, karibu sana, kama kwamba angeweza kuinusa. Kumbe mimi bado niko ndani ya buti. Lilikataa kutoka. Walinipaka mafuta ya kujipaka, wanaume wawili wakavuta, na waliokuwa wakipita barabarani walisimamisha baiskeli. Lakini Ouma hakufukuzwa. Msimu uliofuata alituambia kuna wageni wanaosubiri foleni yake tu. Mama Viatu alilitangaza hilo Otonglo nzima, hata kwa watu waliokuwa wanapita kwenda Busia.

Kulikuwa na viatu ambavyo havikuuzwa. Ndani ya chumba chake, juu ya kabati, vya ngozi ya kahawia, vya kamba, wa kushoto na wa kulia pamoja, vimefungwa kimoja kwa kingine. Ndiyo jozi pekee nyumbani mle ambayo haikutenganishwa. Vilikuwa vya Ouma, vya siku atakayokuja. Kila Jumapili baada ya kanisa alivishusha, akavipaka rangi, akavirudisha. Alikuwa amekadiria. Ameondoka na mguu wa kijana, alisema, lakini mguu wa ukoo wao haukui sana, baba yake aliishia pale, kwa hiyo atakuwa hapa. Na alionyesha kwa vidole, hewani, urefu wa mguu wa mtoto wake.

"Si umuulize tu saizi?" nilimwambia.

Alinitazama kama nimemtukana. "Nimuulize? Mimi? Nani alimfunga kiatu ya kwanza?"

Sikurudia. Lakini tangu hapo nilielewa anachongojea hasa. Kumwona Ouma ilikuwa sehemu moja tu. Alitaka kushusha viatu vile, vimwingie, na ajue kwamba miaka yote ile hakumpoteza.

Mwaka ule wa mwisho kidonda kilitokea kwenye wayo wake na kikakataa kupona. Nilimsindikiza hospitali. Walisema ni sukari, ya siku nyingi, na walisema mengine kuhusu mguu ambayo hakutaka niyarudie nyumbani. Asubuhi nilimfunga bandeji, akateremsha leso, akaenda kupiga magoti mbele ya watu. "Ouma asijue," aliniambia. "Akijua atarudi akae. Akikaa hapa, ile kazi imeenda, na hiyo ndiyo tu amebaki nayo."

Na Ouma akaja. Theluji ilikuwa imeyeyuka huko ng'ambo na duka limefungwa, akapewa ruhusa. Mtu aliyeinama kuingia mlangoni hakuwa yule wa kwenye simu. Simu ilikuwa imetuonyesha uso tu. Alikuwa na mabega ya mbeba magunia, na raba zake, alipozivua kwenye kizingiti, zilijaza mlango. Nilimwona Mama Viatu akizitazama zile raba. Alizitazama mara moja tu, akaanza kuuliza habari za safari.

Siku zote alizokaa hakugusa juu ya kabati. Tulikula, tulicheka, Ouma alikwenda kibandani akalishika lile buti jeupe akasema ni la mtindo wa zamani. Mama hakushusha viatu. Mpaka mchana wa kuondoka, mkoba umefungwa, bodaboda anasubiri getini.

Ouma alipiga magoti kwanza. Sakafuni, mbele ya kiti cha mama yake, kama anavyofanya kazini.

"Mama, leta mguu. Huko nashika miguu ya watu siwajui. Hata yako nisishike?"

Mama alivuta leso ikafunika hadi vidole. Chini yake ilikuwa bandeji niliyoifunga asubuhi. "Mguu ya mzazi haipimwi na mtoto. Inuka, utachafua suruali."

"Unachechemea, Mama."

"Ni uzee. Inuka, keti hapa."

Basi Mama akanyanyuka, akishikilia kabati, akavishusha. Alifungua fundo lililoviunganisha, na halikutaka kufunguka, akatumia meno. Ouma alinitazama. Kando ya zile raba mlangoni, viatu vile vilikuwa kama watoto wao.

Mama alilegeza kamba zote, Ouma akaketi. Mama alipiga magoti, taratibu, goti moja kisha la pili, akashika kisigino cha mwanawe kwa kiganja. Mguu uliingia polepole sana. Ouma hakukunja uso. Wa pili ukaingia. Akasimama.

"Vimenitosha," alisema.

"Kabisa?"

"Kabisa. Kama vimepimwa."

Mama aliweka kidole gumba kwenye ncha. Hakukuwa na cha kutafuta, ngozi ilikuwa imekaza kama ngoma. Alikiacha kidole pale. Nilisubiri lile neno. Nilikuwa nimelisikia likiambiwa bwana harusi, wazee wa kanisa, askari, na mimi mwenyewe. Nilisubiri aseme vua.

"Vidole?" aliuliza.

"Vinagusa mbele kidogo. Si wewe ulinifundisha? Vikigusa, nisiogope."

"Hiyo ilikuwa ya kuteremka mlima, Ouma."

"Na mimi naenda kuteremka mlima, Mama."

Alicheka kidogo, puani. Akamfunga kamba, fundo mara mbili, kama ya shule. Ouma alimwinua kwa mabega.

"Na wewe uko sawa? Niambie ukweli."

"Mimi? Niko sawa. Kabisa."

Walisali wamesimama. Kisha akanigeukia mimi, sauti yake ya sokoni. "Nyara, hizo raba weka kwa mkoba wake. Si chini. Juu. Mahali mkono inafika haraka."

Niliziweka juu. Ouma alitazama kando.

Alitoka. Nilisogea mlangoni kwa mazoea, kwa sababu kutoka kizingiti hadi getini ni mbali kama kutoka benchi hadi mti wa stima, na sikuwahi kumwona Mama Viatu akimwacha mtu aondoke na kiatu kipya bila kumtazama. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo. Ouma alikuwa bado kwenye ngazi, hajapiga hatua.

"Mama," aliita bila kugeuka, kama anatania, "si uniambie niende unione mgongo?"

"Enda tu," alisema. "Nimeshaona."

Akafunga mlango.